Likasi: Fimbo nyepesi, samaki mkubwa. Nani anachoka kwanza?

LIKASI, Haut-Katanga – Siku za mapumziko, kando ya ziwa Tshangalele hukutana wavuvi wa aina mbili. Wa kwanza ni wakaaji wa Kapolowe na vijiji vya pembeni, watu wanaoishi kwa ziwa. Wana mtumbwi, nyavu, na uzi mnene wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Wa pili ni watu wa mji: mwalimu, fundi wa umeme, mfanyakazi wa kampuni ya madini aliyepata siku mbili za kupumzika. Hawa wanakuja na fimbo ya kuvulia ya kukunjwa, gurudumu dogo la kukunjia uzi, na uzi mwembamba kama unywele.

Samaki wadogo hawaonyeshi tofauti yao. Tofauti inaonekana siku samaki mkubwa anaposhika ndobo. Mwenye kipande cha mti anavuta mkono kwa mkono, na samaki yuko ndani ya mtumbwi kabla hajafahamu kilichompata. Mwenye fimbo anaanza vita. Fimbo inapinda mpaka inafanana na upinde, uzi unalia, watoto wanakusanyika, watu wanatoa mashauri. Baada ya robo saa, moja kati ya mambo mawili hutokea: uzi unakatika na samaki anaondoka na ndobo mdomoni, ama samaki anafika ukingoni amelala ubavu, hana nguvu hata ya kusimamisha mapezi.

Kwa anayetaka kumla, hilo la pili si tatizo. Lakini samaki huyo akiwa jike lenye mayai, au uvuvi ukiwa umefungwa kwa ajili ya uzazi, au mvuvi mwenyewe akiwa amekusudia kumrudisha majini, robo saa ile imekwisha kuamua. Samaki aliyerudishwa namna hiyo huogelea mita chache, watu wakapiga makofi, kisha hufia chini ambapo hakuna anayemwona.

Fimbo ya nguvu gani basi, kwa samaki wa kiasi gani? Swali hilo limejadiliwa zaidi na wavuvi wa samaki mmoja ambaye maji ya Likasi hayamjui: trauti, yule Wafaransa wanaita truite. Wao wana fimbo zenye namba, na wana tafiti za maabara juu ya samaki wao. Na jibu walilofikia linapingana na kile wengi wanachodhani. Anayetaka kumtoa samaki mkubwa akiwa salama hachukui fimbo nyepesi ili amtendee kwa upole. Anachukua fimbo nzito kidogo kuliko anavyofikiri anaihitaji, na anamaliza kazi haraka.

Namba iliyo kwenye fimbo si kilo za samaki

Wavuvi wa trauti wengi hutumia inzi bandia: ndobo ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au kisamaki. Inzi huyo hana uzito wa kutosha kurushwa. Kwa hiyo kinachorushwa ni uzi wenyewe, uzi mnene uliotengenezwa uwe na uzito, na inzi anaufuata tu nyuma. Ndiyo sababu fimbo za aina hii ni ndefu, mara nyingi karibu mita 2.7, na zinapinda sana.

Mwaka 1961 watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani walikubaliana kipimo kimoja. Wanapima uzito wa sehemu ya kwanza ya uzi, kiasi cha mita 9, na kuupa namba. Namba 5 ni gramu 9.1 hivi. Namba 6 ni gramu 10.4. Namba 8 ni gramu 13.6, namba 10 ni gramu 18, na namba 12 inakaribia gramu 25. Fimbo inaandikwa namba ya uzi inaoweza kuurusha vizuri, basi. Wapo wanaosoma namba 5 na kudhani ni fimbo ya samaki wa kilo 5, na wengine wanadhani ni uzito wa fimbo yenyewe. Si moja wala jingine.

Hata hivyo namba hiyo inakuja na kitu kingine. Fimbo inayorusha uzi mzito lazima iwe na kiuno kigumu, yaani ile sehemu ya chini karibu na mkono. Na kiuno ndicho kinachomtoa samaki. Ncha ya fimbo kazi yake ni kurusha na kulinda uzi usikatike kwa mshtuko, haina nguvu ya kumgeuza samaki mwenye kilo nyingi.

Kwa trauti wa kawaida wa vijito, namba 4 au 5 inatosha. Kwa trauti wakubwa, au mahali penye upepo, au inzi anapokuwa mkubwa kama kisamaki, wavuvi wazoefu wanapanda hadi 6 na 7, na wengine 8. Upepo na ukubwa wa inzi vina uzito katika uamuzi huu kuliko wageni wanavyodhani: mtu anachagua kwanza fimbo inayoweza kufikisha chambo pale samaki alipo, kisha anajiuliza kama kiuno chake kinaweza kummaliza samaki huyo kwa dakika chache.

Fimbo zinazouzwa katika maduka ya Likasi na Lubumbashi kwa kawaida si za inzi. Nyingi zimeandikwa gramu, kwa mfano 10–30 au 40–80. Fikra ni ileile. Gramu hizo ni uzito wa chambo au risasi ambayo fimbo inaweza kuirusha bila kuvunjika, na kadiri gramu zinavyopanda, kiuno kinakuwa kigumu. Ile ya 5–15 inayopendwa kwa sababu ni nyepesi mkononi na bei yake ni ndogo, imetengenezwa kwa samaki wa kiganja kimoja.

Mgeni wa milima ya Kenya

Katika nchi za Waswahili, trauti anapatikana zaidi Kenya, na hakufika kwa miguu yake. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa rangi ya kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakawekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Aliyehusika ni Ewart Grogan, Mwingereza yuleyule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, akipita kando ya Tanganyika na Kivu. Miaka mitano baadaye akafuata trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Leo wako katika vijito vya Aberdare na mlima Kenya, na kituo cha serikali cha Kiganjo karibu na Nyeri kimezalisha vifaranga vyao kwa miaka mingi.

Wako huko juu kwa sababu moja: baridi. Trauti anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita nyuzi 20, wavuvi wengi wenye kujali wanakunja fimbo zao na kwenda nyumbani, kwa maana samaki atakayepigana katika maji hayo ana nafasi ndogo ya kupona. Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni katika kila lita; ya nyuzi 25 yanabeba 8 tu. Na kadiri mahali palivyo juu, kiasi hicho hupungua tena. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari.

Kinachomuua ni dakika, si ndobo

Samaki anapopigana na uzi anafanya kama mtu anayekimbia kupanda mlima akiwa amebeba gunia la makala. Misuli yake inatumia nguvu haraka kuliko damu inavyoweza kuleta oksijeni. Asidi ya laktiki inajaa, damu inaharibika mizani yake. Akipewa maji mazuri na muda, anarudi katika hali yake. Akichoshwa mpaka mwisho, kisha akatolewa nje ili apigwe picha, hesabu inabadilika kabisa.

Watafiti wawili wa Canada, Ferguson na Tufts, walichapisha mwaka 1992 jaribio ambalo wavuvi wa trauti wanalitaja mpaka leo. Walichosha trauti wa upinde wa mvua mpaka mwisho wa nguvu zao. Kati ya wale waliochoshwa tu bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliochoshwa na kisha kuwekwa hewani kwa sekunde 30, walikufa asilimia 38. Waliowekwa hewani dakika moja nzima, asilimia 72.

Dakika moja ni muda wa kutafuta simu mfukoni, kufungua kamera, kumwambia rafiki asogee kushoto kwa sababu ya jua, na kurudia picha kwa kuwa mara ya kwanza mtu alifumba macho.

Hapo ndipo namba ya fimbo inaacha kuwa mazungumzo ya wapenda vifaa. Fimbo isiyo na kiuno inamlazimisha mvuvi kungoja samaki achoke mwenyewe. Hana njia nyingine, maana akivuta kwa nguvu ama fimbo inavunjika ama uzi unakatika. Fimbo yenye kiuno inamruhusu kumgeuza kichwa mapema, kumvunjia mwendo, na kumleta kwenye wavu wa mkono akiwa bado na nguvu. Samaki anayefika akiwa bado anapiga mkia ni kero kwa mvuvi, lakini ndiye atakayeishi.

Maji ya shaba

Kwa mkaaji wa Likasi kuna jambo la ziada, na linahusu historia ya mji wenyewe. Ziwa Tshangalele halikuwepo zamani. Lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa juu ya mto Lufira na kuanza kutoa umeme mwaka 1930, ili viwanda vya Union Minière vipate nguvu ya kusafisha shaba. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929. Kwa hiyo kiwanda na ziwa ni ndugu wa tumbo moja: ziwa lilipeleka umeme Likasi, na kwa miaka karibu mia moja maji yanayotoka upande wa viwanda na migodi ya Likasi yamekuwa yakiteremka kuelekea Lufira na ziwa lake.

Tangu 1982 bonde la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai. Hilo halikuzuia vyuma kufika. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioshirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uliofuata vyuma kama shaba na kobalti katika mnyororo wa chakula wa sehemu ya juu ya Lufira, na ukavikuta ndani ya viumbe wa majini. Mjadala wa nani ale samaki gani na kiasi gani ni mkubwa, na si wa makala hii. Lakini upo upande mmoja wake unaomhusu mwenye fimbo.

Shaba inashambulia matamvua, ile sehemu nyekundu ambayo samaki anapumulia. Mwaka 1995 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio juu ya trauti wa kahawia waliowekwa katika maji laini yenye asidi pamoja na kiasi kidogo cha shaba, kiasi kisichoua. Samaki waliishi, lakini nguvu yao ya kuogelea kwa muda mrefu ilishuka. Maji ya Lufira si sawa na maji ya maabara ile, na tilapia si trauti. Hata hivyo mantiki yake ni rahisi kuifuata: samaki ambaye matamvua yake yamekwisha kuguswa na shaba anaingia kwenye vita akiwa na pumzi pungufu. Ukiongeza ziwa lisilo na kina kirefu na jua la mwezi wa kumi kabla ya mvua, kila dakika ya kuvutana inakuwa ghali kuliko ile ya mto Gura.

Samaki hawalipi kwa usawa. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu; ndiyo sababu mama wa soko la Kikula anaweza kumweka ndani ya beseni asubuhi na kumkuta anatikisika saa sita. Huyo hafi kwa uchovu wa ndobo. Tilapia na makobo hawana bahati hiyo.

Jaribio la mzani

Wengi wanaamini kwamba wakipindisha fimbo mpaka ncha inatazama nyuma, wanamvuta samaki kwa nguvu sana. Mkono unauma, mgongo unauma, basi lazima samaki naye anaumia. Si hivyo. Fimbo ni mtaimbo uliogeuzwa: mvuvi ameshika upande mfupi, samaki yuko upande mrefu. Uzito mwingi unabaki kwa mvuvi.

Anayetaka kuona kwa macho aazime mzani wa ndoana, ule wa wauza nyama. Aufunge kwenye mti, afunge uzi wa fimbo kwenye ndoana yake, arudi hatua 10, avute fimbo ikiwa imesimama wima. Kwa fimbo nyepesi, mara nyingi mshale hautafika kilo moja, hata kama fimbo imepinda vibaya. Kisha ashushe fimbo, ielekee zaidi upande wa mzani, ili anayepinda awe kiuno na ncha isipinde. Mshale utapanda. Avute tena kwa upande, fimbo ikiwa sambamba na ardhi. Ndiyo namna ya kumtoa samaki mkubwa: fimbo chini, kiuno kifanye kazi, na kila samaki anapoelekea kushoto, avutwe kulia. Kumbadilishia upande kunamvuruga kuliko kumwinua juu.

Jaribio hilo linafundisha pia habari ya uzi. Nailoni ya milimita 0.20 hukatika kwenye kilo 3 au 4 hivi, ya 0.35 kwenye kilo 8 au 9, kulingana na ubora. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu inaongezeka karibu mara nne. Fundo baya linapunguza nguvu hiyo hata kwa nusu, hasa lisipolowanishwa mate kabla ya kukazwa. Na nailoni iliyokaa juani miezi mitatu katika dirisha la duka si nailoni ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kuweka uzi wa kilo 10 kwenye fimbo inayoweza kutoa kilo moja ni kujidanganya. Kuweka uzi wa kilo 2 kwenye fimbo ngumu ni kutafuta kilio. Fimbo, uzi na breki ya gurudumu lazima vizungumze lugha moja. Kawaida breki huwekwa iachie kwenye robo au theluthi ya nguvu ya uzi, na hiyo pia inapimwa kwa mzani uleule.

Kwa kipimo hicho, mvuvi wa Kapolowe mwenye uzi mnene na kipande cha mti amekuwa akifanya jambo sahihi siku zote, bila namba. Kifaa chake ni kizito kuliko samaki wake. Anachokosa ni uwezo wa kurusha mbali, na breki, mbali na ngozi ya vidole vyake.

Mbenga wa Lualaba

Mkaaji wa Likasi anayetaka samaki wa kumtia fimbo katika mtihani wa kweli anaelekea kaskazini. Reli iliyofika Bukama mwaka 1918 bado inapitia Likasi na Tenke kuelekea huko, kwenye ukingo wa Lualaba, ambapo mto unaanza kutanda katika maziwa na mabwawa ya Upemba. Humo ndimo aliko mbenga, ambaye upande wa Luapula anaitwa manda.

Kuna mbenga wa kawaida, mwenye mistari ubavuni, na kuna yule jitu, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1898, Hydrocynus goliath, anayeweza kupita urefu wa mita moja na kufikia uzito wa kilo 50. Wote wana meno yanayotoka nje ya mdomo hata ukifungwa. Hakuna trauti anayekaribia nguvu hizo. Kwa wenye fimbo za inzi, mbenga wa kawaida ni wa namba 8 au 9, na jitu ni wa 10 hadi 12. Sababu ya namba hizo si uzito wake peke yake. Mdomo wa mbenga ni mfupa mtupu, na ndobo haiingii kwa kuinua fimbo juu kama wafanyavyo kwa trauti. Inaingia kwa mkono kuvuta uzi kwa nguvu, fimbo ikiwa imenyooka kuelekea kwa samaki. Fimbo laini inameza nguvu yote hiyo, ndobo haichomi, na mbenga anairusha anaporuka juu ya maji mara ya kwanza.

Kabla ya ndobo unahitajika waya mwembamba wa chuma, walau sentimita 20. Nailoni, hata iwe nene namna gani, meno hayo yanaikata kama uzi wa cherehani.

Na mbenga, pamoja na ukali wake wote, ni dhaifu akisha kuchoka. Anatumia nguvu zake zote kwa mara moja, katika maji ya moto. Watafiti waliofanya kazi katika delta ya Okavango, Botswana, walichapisha mwaka 2009 utafiti uliotumia asidi ya laktiki ya damu yake kama kipimo cha msukosuko wa kuvuliwa kwa ndobo. Hata wanasayansi wamemwona ni samaki wa kuchunguzwa kwa jambo hilo. Wanaowarudisha majini wana desturi ya kumshika akielekea mkondo, maji yaingie mdomoni, mpaka avute mwenyewe kutoka mkononi. Hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ni muda mrefu kwa mtu aliyesimama katika maji ya Lualaba. Wavuvi wa trauti wa Nyeri huingia mtoni hadi magotini bila wasiwasi. Upemba ina mamba na viboko. Kumalizana na samaki haraka, na kuwa ndani ya mtumbwi au juu ya ukingo ulio wazi, ni usalama wa pande zote mbili za uzi.

Na bukari je?

Swali la haki linabaki. Katika mji ambao familia nyingi zinakula Thomson wa chumba cha baridi kwa sababu samaki wa ziwa ni ghali, nani ana nafasi ya kumrudisha samaki mkubwa majini?

Wachache, na hakuna sababu ya kuwalaumu wengine. Lakini hesabu ya fimbo haibadiliki kwa anayetaka kula. Uzi uliokatika haumpi mtu kitoweo. Unamwachia samaki ndobo kooni na mita kadhaa za nailoni za kukokota, mpaka inaswe kwenye mizizi. Huyo amepotea kwa mvuvi, kwa sahani, na kwa ziwa.

Na zipo siku ambapo kurudisha si hiari. Kwenye Mweru na Luapula upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na Haut-Katanga nayo ina kipindi chake cha kufunga. Jike kubwa hubeba mayai mengi kuliko jike dogo, na ndilo linaloshika ndobo kubwa. Hata nje ya kipindi hicho, mvuvi anayetafuta mbenga wa kilo 5 atavuta kwanza wadogo ambao hana haja nao.

Kwa ajili ya hao, matayarisho yanafanyika kabla ya kurusha. Kile kijino cha nyuma kinachozuia ndobo isichomoke kinabanwa kwa koleo mpaka kilale. Ndobo inatoka kwa sekunde mbili, na uzi ukiwa umekazwa muda wote samaki hapotei zaidi ya kawaida. Koleo hilohilo linabaki mfukoni, si chini ya mfuko wa viazi. Wavu wa mkono uwe tayari, wa nyuzi laini, maana nailoni ngumu yenye mafundo inakwangua ute unaomlinda samaki na magonjwa. Mikono ilowanishwe. Asikokotwe juu ya mchanga, asishikwe kwa matamvua. Picha, kama ni lazima, ipigwe samaki akiwa ndani ya wavu ulio majini, ainuliwe mara moja, maji yakiwa bado yanadondoka, arudi.

Uzi nao ukaguliwe kila baada ya samaki mkubwa. Mita ya mwisho inapitishwa kati ya vidole viwili, na popote unapokwaruza, hapo inakatwa na fundo linafungwa upya.